Pavarotti alizaliwa na ile sauti au alifundishwa? Jibu la mwanakwaya

Mkuu, umeuliza kama Luciano Pavarotti, yule mwimbaji wa opera wa Italia, alizaliwa na ile sauti au alifundishwa, na kama sisi wa kwaya za kawaida tuna cha kuokota kwake. Nimeimba sauti ya tatu kanisani miaka mingi, sasa nawanoa vijana wa sauti hiyohiyo, na hakuna mwimbaji niliyemsikiliza kama huyu. Koo alizaliwa nalo. Mengine yote aliyasotea.

Alizaliwa Modena, Italia, 12 Oktoba 1935. Baba yake, Fernando, alikuwa mwoka mikate na mwenye sauti nzuri ya tenori (ndiyo sauti ya tatu yetu), ila woga wa jukwaa ulimzuia kuifanya iwe kazi yake. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha sigara. Baba na mwana waliimba kwaya moja ya mjini kwao, na mwaka 1955 kwaya hiyo ikashika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya Llangollen, Wales. Kwa hiyo ni mtoto wa kwaya, kama sisi.

Sasa miaka iliyofuata ndiyo watu huiruka. Mwalimu Arrigo Pola alimfundisha bure, maana nyumbani hela hazikuwepo, na kwa miezi alimwimbisha irabu na mazoezi tu, wimbo hakuna. Pola alipoondoka kwenda Japani, akaendelea na mwalimu mwingine, Ettore Campogalliani. Ili mkono uende kinywani alifundisha shule ya msingi, kisha akauza bima. Katikati akaota kinundu kwenye nyuzi za sauti, akaimba vibaya kwenye tamasha mjini Ferrara, akaamua kuacha kabisa. Kinundu kikapotea, naye akarudi. Opera yake ya kwanza ni 29 Aprili 1961, Reggio Emilia, kama Rodolfo kwenye La bohème ya Puccini. Tangu Llangollen, hiyo ni karibu miaka sita.

Na bado hakuacha kujifunza. Mwaka 1965 alizunguka Australia na Joan Sutherland, mwimbaji maarufu wa sauti ya kwanza. Alikuwa ameshaimba Covent Garden, jumba la opera la London, lakini alimwekea yule mama mikono mbavuni na tumboni ili ahisi anavyoitegemeza pumzi. Hili nalipenda kuliko sifa zake zote. Waimbaji wangapi wenye jina kidogo wangekubali kuonekana wanafunzi tena?

Matunda yake yalionekana 17 Februari 1972, Metropolitan Opera, New York: noti ya C ya juu mara tisa ndani ya wimbo mmoja wa opera ya La fille du régiment, na watazamaji wakamrudisha jukwaani mara 17.

Vijana wangu wakikaribia noti za juu hukaza shingo, huinua kidevu na kupiga kelele. Ibada za Pasaka zikiisha, hawana sauti. Siku hizi nawawekesha mikono mbavuni, tunaimba irabu za wimbo mzima kabla ya kugusa maneno. Wanalalamika kwamba inachosha, na ni kweli inachosha, lakini wanaovumilia hufika juu bila kuumia, na maneno yao yanasikika. Msikilize Pavarotti mwenyewe: hata kileleni kabisa, "a" inabaki "a".

Tunaompenda tuseme na upande wa pili. Opera ya Chicago ilikata uhusiano naye 1989 baada ya yeye kufuta maonyesho 26 kati ya 41. La Scala, jumba la opera la Milano, watazamaji walimzomea 1992 kwenye opera ya Don Carlo. Ule wimbo wake kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Torino, 2006, ulikuwa umerekodiwa kabla. Saratani ya kongosho ilimchukua 6 Septemba 2007, akiwa kwao Modena.

Kwa hiyo mkuu, usianze na matamasha ya viwanjani wala Nessun dorma, ule wimbo wake wa Kombe la Dunia 1990, ingawa ndiyo iliyomfikisha kwa wengi wetu. Tafuta rekodi zake za miaka ya 60 mwishoni na 70, vaa spika za masikioni, halafu sikiliza mahali anapovuta pumzi.