"It is sure" haipo: barua kwa mwanangu aliye Kolwezi

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Yambo sana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu ilibidi yaya, ndugu yako mkubwa, azime jenereta ndipo nikakusikia. Picha ya ule ukurasa wa ripoti yako ya Kiingereza uliojaa wino mwekundu nimeiona pia. Usiulilie huo wino. Shefu, yaani mkubwa wa kazi, anayemaliza kalamu kwenye ripoti ya mtu anataka huyo mtu abaki kazini.

Unauliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini shefu wako alikata "It is sure that the pump will fail", na mistari miwili juu yake akaiacha "We are sure that the pump was old". Pili, kwa nini alifuta "is" akaweka "be" katika "It is essential that the pump is inspected before every shift". Unasema umetafuta orodha ya vivumishi vinavyofuatwa na "that", ukaiona ndefu kama treni ya shaba, ukakata tamaa.

Achana na orodha. Mimi niliwapa wanafunzi wangu orodha miaka mingi. Waliikariri, waliiimba kama wimbo, kisha kwenye mtihani wakaandika "I am possible that". Kosa lilikuwa la mwalimu.

Kitu cha kujiuliza ni kimoja: hicho kivumishi kinakaa kwa mtu au kinakaa kwa jambo? "Aware", "glad", "sorry", "proud", "confident", "convinced" ni hali za moyo au za kichwa. Pampu haina moyo, kwa hiyo mbele yake lazima akae mtu, au kamati, au kampuni, chochote kinachoweza kujua na kuhisi: "The committee is aware that the pump was old". Lakini "clear", "true", "possible", "probable", "evident", "essential" hazimsemi mtu. Zinalisema jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni kile kishazi kizima kinachoanza na "that". Ungeweza kukitanguliza: "That the pump will fail is possible". Ni sahihi kabisa, ila ni sawa na kuingia mlangoni ukitanguliza gunia la unga. Waingereza hulisukuma gunia nyuma na kuweka "it" mlangoni ishike nafasi.

Hiyo "it" sisi tunayo. Ni ile "i" ya inawezekana, inaonekana, inajulikana. Nani anawezekana? Hakuna mtu pale, "i" imeshika nafasi tu. Tunakwama kwenye "ni wazi kwamba", kwa sababu "ni" haishiki nafasi ya mtu yeyote, na ndiyo maana watu wetu huandika "Is clear that" bila kitu mbele. Hapo kumbuka "il" ya Kifaransa, ile ya "il est clair que", nayo hushika nafasi tu.

Lakini Kifaransa hichohicho ndicho kilichokuponza kwenye "sure". Mfaransa husema "il est sûr que", nawe ukahamisha. Katika Kiingereza "sure" ikifuatwa na "that" hukaa kwa mtu peke yake. "Certain" ndiyo hukaa kote kuwili: "We are certain that" na "It is certain that", zote nzuri. Ile sentensi ungeibadilisha neno moja tu, shefu asingeigusa. Au pengine angeigusa kwa sababu nyingine, nitakuja huko.

Kuna na "likely", nayo ina tabia yake. Unaweza kuandika "It is likely that the pump will fail", na unaweza pia kuipandisha pampu mbele: "The pump is likely to fail". Usijaribu hivyo kwa "possible" wala "probable". Ukurasa wa pili umeandika "The pump is possible to fail", na shefu hakuiona. Mimi nimeiona.

Sasa "be". Hapa ndipo nataka ukae kidogo, uache simu.

Shuleni walikufundisha kwamba Kifaransa kina "subjonctif", umbo maalumu la kitenzi, baada ya "que", nawe ulipoona "be" ulidhani ni ileile. Si ileile. Mfaransa huitumia akidai jambo, huitumia akisema jambo linawezekana, na huitumia hata akifurahia jambo lililokwisha kutokea. Mwingereza huitumia akidai tu. Na lugha inayokata pale anapokata Mwingereza, karibu sawasawa, ni hii tunayoandikiana. Sikia: "ni wazi kwamba pampu imekaguliwa", lakini "ni lazima pampu ikaguliwe". Ile "e" ya mwisho hukuifundishwa na mtu. Ulikuwa na miaka miwili ukisema "Mama nipe". Hutasema "ni wazi pampu ikaguliwe", wala "nimefurahi ufike" kwa mgeni ambaye tayari amekaa anakula bukari.

Basi fanya hivi. Unapoandika "It is… that", isemee moyoni kwa Kiswahili. Kitenzi kikitoka na "e", kama ikaguliwe, atie saini, aondoke, Kiingereza rasmi kinataka kitenzi kitupu: "It is essential that the pump be inspected", "It is vital that the driver sign", bila "s" kwenye "sign" ingawa dereva ni mmoja. Kikitoka bila hiyo "e", andika kitenzi cha kawaida: "It is clear that the pump was inspected".

Ujaribu hata kwa wakati uliopita. "Ilikuwa lazima pampu ikaguliwe": ile "e" haikutikisika, ingawa mambo ni ya mwaka jana. "It was essential that the pump be inspected": na "be" haikutikisika. Jaribu kukanusha. Sisi tunachomeka "si" ndani ya kitenzi, "ni muhimu asiondoke", bila kuita msaada wowote. Wao huweka "not" mbele ya kitenzi kitupu, "It is important that he not leave", bila "does" wala "do". Nilipoligundua hilo nilikuwa nimefundisha miaka kumi na moja. Niliweka chaki chini, nikacheka peke yangu mbele ya darasa.

Utakutana na wanaoandika "should be inspected", hasa wenye Kiingereza cha Uingereza, na wengine huko huacha "is" palepale bila aibu. Wamarekani ndio washikaji wa "be". Shefu wako anaitaka, mpe. Lakini si mapambo tu. "It is important that he is here" yaweza kumaanisha kwamba yupo, na kuwepo kwake kuna maana. "It is important that he be here" inamaanisha awepo, na pengine hajafika. Ripoti ya usalama ikichanganya hayo mawili, fundi wa zamu ya usiku atasoma kwamba pampu imekaguliwa wakati wewe ulikuwa unaomba ikaguliwe.

Madogo mawili, haraka. "Aware of" hupoteza "of" yake ikikutana na "that": "aware of the leak", lakini "aware that the pump leaks". Hapo Kiswahili hakikusaidii, maana sisi husema "nina habari ya kwamba" na "ya" yetu imetulia palepale. Ukitaka kuibakiza, weka "the fact" katikati. Halafu hiyo "kama" yetu ya Lubumbashi. Mtaani tunasema "najua kama amefika" tukimaanisha kwamba amefika, na "sijui kama amefika" tukimaanisha hatujui. Kiingereza hukata hapo: palipo na shaka, "It is doubtful whether"; palipo na hakika, "that". Na hiyo "that" usiidondoshe kwenye maandishi rasmi, hata kama redioni unasikia "I'm sure he's coming".

Nilisema shefu angeweza kugusa "It is certain" pia. Kabla sijaingia ualimu nilikaa miaka miwili Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikimwandikia barua za Kiingereza mwenye malori mmoja. Mzigo wake ulipotea njiani, akaniamuru niandikie upande wa Zambia "It is evident that your driver was drunk". Niliandika, sarufi ikiwa safi kama sahani ya sikukuu. Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Evident to whom?" Ni wazi kwa nani? Hatukuwa na shahidi hata mmoja. Ubaya wa "it" ni huo, inamficha anayesema. Ukiandika "We are convinced that", wewe umejitokeza, watu wanajua wa kumuuliza. Ukiandika "It is clear that", unajifanya jua ndilo limesema. Kwa hiyo pima: "certain" ukiwa na vipimo mkononi, "likely" ukiwa na dalili, "possible" ukiwa na wasiwasi. Hiyo pampu yako, kwa maelezo uliyonipa, ni "likely". Si zaidi.

Bwana huyohuyo aliwahi kupokea barua inayosema "I am afraid that your truck will not cross this week". Akaniambia nijibu kwamba asiogope, sisi si watu wa vita. Ilibidi nimweleze kwamba Mwingereza anayekuletea habari mbaya kwa adabu hujifanya anaogopa. Hakuniamini mpaka wiki ilipoisha lori likiwa bado upande ule.

Nimemtuma yaya yako akuletee sombe, yale majani ya muhogo, itafika na basi la Jumanne, imepondwa tayari. Na ile sentensi uliyonitumia mwishoni, ya mzaha, baada ya kujifunza "be": "I am happy that you be my mother". Hiyo ni Kifaransa kilichovaa koti. Isemee kwa Kiswahili usikie. Mimi nimekuwa mama yako tangu usiku ule wa mvua, huhitaji kuniomba niwe. Andika "are".

Mama yako