Si Kila Nambari Ndani ya Pete Ni Karati

Juzi bi harusi mmoja wa Kisauni ameniandikia. Ndani ya pete yake ya manjano pamepigwa 925, na muuzaji amemhakikishia kwamba hiyo ni dhahabu inayoipita hata 916, yaani ya karati 22 (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu). Nilicheka, kisha nikaudhika. 925 ni alama ya fedha: sehemu 925 za fedha safi katika 1,000, na zinazobaki mara nyingi ni shaba. Pete ya manjano yenye alama hiyo ni fedha iliyochovywa dhahabu. Kuiuza si kosa. Kosa ni kuitoza bei ya dhahabu.

Mimi si sonara, lakini chapa nazisoma, na shangazi yangu ni shahidi. Aliachiwa pete na marehemu babu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo. Mwaka jana karo ilipombana akaamua kuiuza, tukaenda kwenye duka moja la Mji wa Kale, jina nalihifadhi. Bwana yule akaitupa kwenye mizani, akaitazama juu juu: "Karati tisa hii, mama. Ya kizamani." Shangazi akaanza kutafuta kitambulisho mkobani. Nikaomba lenzi.

Ndani chapa zilikuwa zimejipanga mstari: herufi za fundi, taji, 22, nanga, na herufi moja iliyokaa peke yake. Nanga ni ya Birmingham (mji usio na bahari, ajabu ya Waingereza), ambako ofisi ya kupima dhahabu na fedha ilianza mwaka 1773. London hupiga kichwa cha chui, Edinburgh ngome. Herufi ya peke yake hutaja mwaka. Taji na 22 ndizo zilizomaliza ubishi: karati 22 ni sehemu 916, karati tisa ni 375 tu. Kwa uzito uleule, dhahabu iliyomo ni zaidi ya mara mbili. Nilipomsomea moja baada ya nyingine, akasema macho yake yamechoka. Labda. Ila ninavyokumbuka alivyokuwa akimwita shangazi "mama" kwa sauti ya upole, bado nafukuta.

Pete tuliiuza duka jingine, kwa bei ya karati 22.

Basi dada zangu, nawaombeni, mkienda kununua dhahabu ya harusi msitazame mng'aro pekee. 585 ni karati 14, 750 ni 18, 916 ni 22. Ukiona GP, hiyo imechovywa tu. Na nambari peke yake haitoshi, maana mhuri wa 916 hata tapeli anaweza kuuchonga. Tafuteni alama ya aliyepima. Dhahabu iliyopimwa India kwa utaratibu wa sasa ina nembo ya BIS (shirika la viwango la huko), karati, na msimbo wa herufi na tarakimu, jumla sita, ambao ni wa pambo hilo moja tu. Tangu Aprili 2023 masonara wa huko hawaruhusiwi kuuza mapambo mapya yanayobanwa na sheria hiyo bila msimbo huo. Unaingizwa kwenye programu ya BIS ya simu, maelezo ya pambo yanatokea. Shemeji akileta mkufu kutoka Mumbai, uingizeni mbele yake. Atanuna, mwacheni anune.

Kwenye mkufu someni kifungo na pia mnyororo, kwani kifungo hubadilishwa. Sumaku msiitegemee sana: haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba wala fedha pia. Pambo lisilo na chapa mpelekeeni sonara alisugue kwenye jiwe la kupimia na kulitia tindikali mkiwa mmesimama hapo hapo. Risiti iandikwe karati na gramu, na kama kidani kina vito, uzito wa vito hivyo utolewe kwanza. Vito vya glasi msivilipie bei ya dhahabu.