Kabla hujatuma ile skrinshoti ya matokeo, uliza kwanza: asilimia ya nini?

Mjomba wangu yuko Kisauni, Mombasa, na mie niko huku Minnesota mwaka wa 14 sasa, na kila Wamarekani wakipiga kura lazima anipigie simu. Novemba 2020 alinipigia alfajiri hata sijafungua macho vizuri. Nikamwambia shikamoo mjomba, akaitikia marahaba haraka haraka halafu akauliza, "Mwanangu, hapa kwenye grupu watu wanasema huko kwenu kuna vituo wamepiga kura kushinda hata walioandikishwa, na wewe si ndio ulikuwa hapo mezani?"

Ni kweli nilikuwa mezani. Nilikuwa nimefanya kazi ya jaji wa uchaguzi, hilo ni jina tu jamani msinipandishe cheo, ndivyo huku wanavyoita karani wa kituo cha kura. Unakula kiapo, unafundishwa, na kituoni wanachanganya watu wa vyama tofauti ili meza isiwe ya chama kimoja. Tangu hapo nimeshafanya mara tatu, na nilichojifunza ndicho nataka niwaambie, hasa nyie mliochukua uraia juzi juzi mkaanza kupiga kura huku, na nyie wa nyumbani mnaoletewa matokeo ya majimbo ya Marekani kwenye WhatsApp kwa skrinshoti ambazo hata hazina tarehe.

Swali la mjomba lina jibu rahisi na lilinichukua nusu saa kumweleza. Minnesota mtu anaweza kujiandikisha siku ile ile ya kura, hapo hapo kituoni, awe tu na uthibitisho wa anapokaa, na sheria hii iko tangu miaka ya sabini. Sasa wewe ukichukua idadi ya watu waliopiga kura hadi saa mbili usiku, ukaigawanya kwa walioandikishwa saa moja asubuhi wakati vituo vinafunguliwa, unapata namba ya ajabu, manake wale waliojiandikisha mchana umewahesabu juu lakini chini hujawahesabu. Kituo kidogo cha mashambani, au kile cha karibu na chuo kikuu kilichojaa wanafunzi wapya, unaweza ukaona inapita asilimia 100 na hakuna mtu hata mmoja aliyeiba kitu.

Ndio maana ofisi ya Katibu wa Jimbo (ni ile ya hapa jimboni inayosimamia uchaguzi, sio waziri wa mambo ya nje wa kule Washington, watu wengi wanachanganya) ikitangaza waliojitokeza haigawanyi kwa walioandikishwa. Inagawanya kwa makadirio ya watu wote wenye haki ya kupiga kura, yaani raia wa miaka 18 na kuendelea ambao sheria haiwazuii. Kwa hesabu hiyo 2020 Minnesota ilifika karibu asilimia 80, ikawa ya kwanza Marekani nzima. Kenya tunagawanya kwa walioandikishwa. 2022 IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, walikuwa na watu kama milioni 22.1 kwenye sajili na waliojitokeza wakawa karibu asilimia 65. Kwa hiyo mtu akikuwekea 80 ya Minnesota na 65 ya Kenya pembeni pembeni akakwambia ona wenzetu, mwambie hizo namba hazigawanywi kwa kitu kimoja. Kijana wa Kwale mwenye miaka 20 ambaye hajawahi kuandikishwa hayumo kabisa kwenye ile hesabu ya 65, lakini mwenzake wa Minneapolis ambaye hajaandikishwa yumo na ameishusha ile ya kwao.

Halafu baadaye ndio tukajua ile habari ya mjomba ilitoka wapi. Kuna hati ya kiapo ilipelekwa kortini mwezi ule ikidai vituo vya Michigan vimepita asilimia 100, watu wakakaa wakasoma majina ya vituo kimoja kimoja wakakuta ni vya Minnesota. Vifupisho vya haya majimbo ni MI na MN. Herufi moja, na imefika mpaka Kisauni.

Sasa niwaambie kitu ambacho kwangu ndio kiini cha mambo yote. Watu wakifungua ukurasa wa matokeo macho yanakimbilia nani anaongoza. Mie naanza na watu wangapi wamekuja. Hiyo namba ndio kufuli. Kama idadi ya watu na idadi ya karatasi hazilingani basi hiyo ya nani anaongoza bado sijaiamini, awe ni mtu wangu ama si mtu wangu.

Nimeona kwa macho yangu. Mara yangu ya pili kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa, saa mbili usiku tukafunga mlango kwa wageni wapya, waliokuwa tayari kwenye foleni wakaachwa wamalize. Kisha mashine ikaanza kutema tepu, kile kikaratasi kirefu kama risiti ya supamaketi, kinateremka mpaka kinagusa sakafu. Mashine inasema imepokea karatasi kadhaa. Sisi tukahesabu zile stakabadhi ambazo kila mtu hupewa baada ya kutia sahihi, ndio anaikabidhi apate karatasi ya kura. Tukawa tumepungukiwa na moja. Mashine imemeza karatasi moja zaidi ya watu waliotia sahihi.

Moja tu, na ilikuwa usiku, tumesimama tangu kabla hakujapambazuka, miguu inawaka moto. Msimamizi wetu, bibi mmoja mzee mtulivu sana, hakusema tuandike tu tuondoke. Akasema tunarudia. Tukagawana mafungu, mimi na mwenzangu wa chama kingine, yeye anahesabu langu na mimi nahesabu lake. Fungu la tatu nikasikia kidole kimekwama, stakabadhi mbili zimegandana. Tukazitenganisha, namba zikakaa sawa, ndio tukatia sahihi kwenye tepu sote, tukafunga sanduku kwa lakiri na kuandika namba ya lakiri. Pale mlangoni alikuwepo kijana amekuja kutazama, manake kuhesabu ni jambo la wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kutazama bora asiguse kitu wala asisumbue. Aliona yote hayo. Mie huwa nawaambia watu nendeni mkatazame hata mara moja, utaelewa zaidi ya miaka kumi ya kubishana kwenye simu.

Na msidhani namba zikikataa huwa ni karatasi kugandana kila siku. 2024 kiti kimoja cha bunge la jimbo, upande wa Shakopee kaunti ya Scott, mtu alishinda kwa kura 14, halafu ikagundulika kura 20 za mapema zilipokelewa vizuri lakini hazikuhesabiwa, na uchunguzi ukaona huenda zilitupwa na takataka. Hebu fikiria, ushindi wa 14 na zilizopotea 20. Lilijulikanaje? Kwa ile ile hesabu, watu waliorekodiwa kuwa wamepiga kura walikuwa wengi kushinda karatasi zilizohesabiwa. Kesi ikaenda kortini, baadhi ya wapiga kura hao wakaja wenyewe kutoa ushahidi wamemchagua nani, na Januari 2025 jaji akaacha matokeo yasimame. Mimi lile jambo liliniuma sana, manake wale 20 walifanya kila kitu walichoambiwa wafanye. Lakini lisingejulikana kabisa kama hakuna mtu aliyelinganisha watu na karatasi.

Jambo lingine linalowachanganya sana Wakenya wenzangu huku ni kuona kura za gavana ni nyingi kuliko za jaji wa wilaya (huku majaji nao hupigiwa kura) kwenye kituo kimoja. Nyumbani tumezoea unapewa karatasi sita, ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi), na zikipishana kidogo tu watu wanaanza kelele. Huku ni karatasi moja ndefu imejaa mbele na nyuma, mtu anaweka alama za juu, akigeuza nyuma anakuta majina ya majaji hawajui hata mmoja, anaacha wazi. Hiyo ni haki yake. Kwa hiyo usijumlishe kura za kiti kimoja ukasema ndio waliojitokeza. Tafuta mstari wa jumla ya waliopiga kura, upo wa kwake.

Na asilimia zenyewe jamani, tusimame hapo kidogo manake Kenya tulikaribia kuchomana. Agosti 2022 asilimia za wagombea wanne wa urais zilitangazwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Jumlisha, inakuja 100.01. Kesho yake makamishna wanne wakatoka mbele ya kamera wakasema hiyo 0.01 ni kama kura 142,000. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, chukua kikokotoo cha simu uone mwenyewe, 0.01 ya asilimia hapo ni kama 1,420, na hata hizo sio kura za mtu, ni desimali tu zimekadiriwa hadi tarakimu mbili kila moja kivyake. Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi tarehe 5 Septemba haikuona kesi hapo. Mimi nilikuwa nimeshaituma kwenye grupu la familia kabla sijapiga hesabu, na mjomba akawa wa kwanza kuniuliza nimeihakikisha wapi. Nilimwomba radhi pale pale. Tangu siku hiyo situmi asilimia bila idadi ya kura pembeni yake.

Kingine ni haraka. Usiku wa uchaguzi namba unazoona kwenye tovuti ya jimbo juu yake pameandikwa sio rasmi, na yule mshindi anayetangazwa na shirika la habari la AP ni makadirio ya AP, wanafanya hivo tangu 1848 na wanajua kazi yao lakini sio wao wanaothibitisha. Baada ya hapo kaunti zinakaa kukagua, halafu bodi ya jimbo, ambayo ni Katibu wa Jimbo, majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya hapa na wawili wa mahakama za wilaya, ndio inatia sahihi. Katikati hapo kuna vituo vinachaguliwa kwa bahati nasibu karatasi zinahesabiwa kwa mkono zilinganishwe na mashine. Mwaka 2008 kiti cha Minnesota kwenye seneti ya Marekani, usiku ule Norm Coleman alikuwa mbele kwa kura kama 700, kaunti ziliposahihisha makosa ya kuandika namba ikabaki 215, na baada ya kuhesabu kwa mkono na kesi ndefu mpinzani wake Al Franken akashinda kwa 312 kati ya kura karibu milioni 2.9. Ilichukua mpaka Juni 2009. Mtu aliyeweka skrinshoti ya usiku ule kama ushahidi wa mwisho angekuwa amekosea karibu miezi minane.

Kwa hiyo ukitaka kuhifadhi kitu, hifadhi matokeo ya kituo chako, sio ya jimbo zima. Tovuti ya jimbo inayaweka kituo kwa kituo na unaweza kuyapakua. Piga picha usiku ule, andika saa, kisha fungua tena baada ya bodi kutia sahihi ulinganishe. Kwa Kenya ni fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo inayobandikwa mlangoni, 2022 ziliwekwa kwenye tovuti ya IEBC kutoka vituo zaidi ya 46,000 na mtu yeyote aliweza kuzifungua.

Tarehe 3 Novemba 2026 jimbo letu linachagua gavana na nimeshapeleka jina langu tena. Kenya ni Agosti 2027. Mjomba ameniambia safari hii yeye ndiye atakayekwenda mlangoni kwa kituo chake kupiga picha ya 34A, na cha kwanza atakachonisomea kwenye simu ni waliojitokeza wangapi.