Kupigwa shoti unaposhuka kwenye gari: kosa si la betri

SWALI: Ndugu mhandisi, nilihamishiwa Dodoma kikazi mwezi Mei nikitokea Tanga, na gari ni lile lile nililolitumia Tanga kwa miaka minne bila tatizo. Tangu Julai, kila ninaposhuka na kugusa mlango ili niufunge, napigwa shoti. Juzi nilimshika mkono mwanangu aliyekuwa akinisubiri nje, naye akaruka na kulia. Fundi mmoja amenishauri nibadilishe betri. Mwingine anasema nifunge mkanda wa mpira unaoburuza chini ya gari. Nimfuate yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimfuate yeyote kati yao. Betri ya gari lako ina volti 12, nazo haziwezi kupita kwenye ngozi kavu kiasi cha kumfanya mtu aruke. Tena habari ya mtoto inamaliza ubishi: yeye hakuligusa gari, alikugusa wewe. Umeme ulikuwa mwilini mwako.

Huo ni umemetuli. Unapokuwa kitini ukiendesha, nguo zako na kitambaa cha kiti hugusana na kusuguana, na kimoja humwachia mwenzake elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Maadamu umekaa, chaji za pande mbili ziko karibu na huhisi chochote. Unapoinuka ndipo zinapotengana, kiti kikabaki na yake, nawe ukaondoka na yako, na soli za mpira zikaizuia isishuke ardhini. Mtu aliyeshuka hivyo anaweza kuwa na volti 10,000 mwilini, na wengi wetu huanza kuhisi shoti zikifika kama 3,000. Tarakimu hizo zinatisha, lakini chaji yenyewe ni kidogo mno na huisha kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo huuma bila kudhuru.

Tanga hukuyaona haya kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu mwingi, ambao huacha utando mwembamba wa maji juu ya vitambaa, plastiki na soli, na chaji huvujia humo kabla haijarundikana. Dodoma, kati ya Juni na Oktoba, hewa ni kavu na utando huo haupo. Mvua zikianza utadhani gari limejitengeneza lenyewe.

Dawa kubwa ni namna ya kushuka. Fungua mlango ukiwa bado umekaa, shika chuma kitupu cha bodi, kisha inuka bila kukiachia mpaka miguu yote miwili iwe chini. Chaji hupita mkononi kidogo kidogo kadiri unavyojitenga na kiti, wala haipati nafasi ya kuruka kama cheche. Wengi hukosea kwa kushika plastiki ya mlango, au kwa kugusa chuma wakiwa wamekwisha kusimama na mwili umeshajaa. Rangi ya gari nayo huzuia umeme, kwa hiyo mimi hupendelea kile kipande cha chuma ambacho kitasa hujishikiza mlango unapofungwa. Kipo kwenye nguzo, nyuma kidogo ya bega lako la kulia. Ukisahau, bana sarafu ya shilingi 200 kwa vidole viwili na uguse bodi kwa ukingo wake: cheche itaruka kwenye sarafu, na ngozi haitahisi kitu.

Kabla ya kununua chochote, toa kava za viti kwa siku mbili tatu. Nikisikia gari la miaka mingi limeanza kupiga shoti, huuliza kwanza kama viti vimevishwa poliesta, na kama dereva huvaa nailoni. Shati na suruali za pamba hupunguza sana. Unaweza pia kuchanganya kilainishi cha nguo kidogo na maji, ukanyunyizia viti na kuviacha vikauke, ingawa utalazimika kurudia mara kwa mara.

Ule mkanda wa mpira hutoa chaji iliyo kwenye bodi ya gari, kazi ambayo matairi mengi huifanya yenyewe kwa sababu ya kaboni iliyomo ndani ya mpira wake. Wewe uliyesimama pembeni na viatu vyako haukusaidii.

Mahali pa kutofanya mzaha ni kituo cha mafuta. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa huweza kuwashwa na nishati isiyofika hata nusu ya milijuli, ilhali cheche ya volti 10,000 kutoka mwilini hubeba milijuli kadhaa. Ukishuka, gusa bodi mbali na mdomo wa tangi kabla hujashika mfuniko, na usiingie tena garini kufuata pochi mafuta yakiwa yanaendelea kumiminwa. Dumu nalo liwekwe chini sakafuni wakati wa kujazwa, si ndani ya buti.