Siku za kwanza Bangkok: anzeni na mto

Ndugu, umeuliza wewe na mkeo muanzie wapi katika siku zenu za kwanza Bangkok. Anzeni na mto Chao Phraya, kwa kuwa foleni za barabarani zitawachosha bure: pandeni treni ya juu hadi kituo cha Saphan Taksin, kisha boti hadi gati la Tha Tien, mkamtazame Buddha aliyelala wa hekalu la Wat Pho, mwenye urefu wa mita 46, ambaye nyayo zake zimenakshiwa kwa magamba ya chaza yanayometameta. Alasiri vukeni mto hadi hekalu la Wat Arun. Kwa Kasri la Kifalme, vaeni nguo za kufunika mabega na magoti. Mtu akiwaambia njiani kwamba limefungwa, msimfuate; sisi tulimwamini mmoja, tukapoteza asubuhi nzima katika duka la vito.