Jibu: TV ya inchi 43 imeshushwa bei Novemba, ninunue au nisubiri?

Salama ndugu. Nimekuelewa: imeandikwa ilikuwa 52,000, sasa ni 29,999, na saa ya ofa inakuhesabia dakika. Saa hiyo iache ihesabu tu.

Anza na namba ya modeli, nzima mpaka herufi za mwisho, uiulizie maduka mengine matatu. Ile 52,000 huenda hakuna aliyewahi kuilipa. Mimi Septemba mwaka juzi nilipiga picha ya skrini ya friji, 38,500. Black Friday, ile Ijumaa ya ofa ya Novemba, ikaja na bango la "punguzo asilimia 30", bei 37,999. Shilingi 501! Na kuletewa nyumbani nikalipa 600.

Umoja wa Ulaya tangu 2022 duka likitangaza punguzo linatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Huku shahidi wako ni picha uliyojipigia.

Nafuu ya kweli nimeipata kwenye modeli za zamani zinazotolewa stoo, blenda na pasi hasa. Hapo uliza waranti kabla ya kulipa. Nguo sizisemei, zangu natoa Gikomba, soko la mitumba Nairobi.

Weka namba ya modeli hapa tuiangalie.