Maswali ya Wasomaji: Mwandishi Akikaa Mbele ya Watu

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu jambo moja: vikao ambavyo mwandishi huhojiwa hadharani juu ya kazi yake na yale yaliyomo ndani yake, iwe ni asili, jamii, misitu au imani. Tumechagua sita. Nyingine zilifanana sana na hizi.

Klabu yetu ya wasomaji imemwalika mwandishi wa riwaya. Tunatarajia watu kama 80 katika ukumbi wa maktaba. Tumetenga saa tatu na tumekodi MC mzuri. Kuna tulichosahau? (Msomaji, Tanga)

Saa tatu ni nyingi, na MC huyo mwacheni. Mshereheshaji wa harusi kazi yake ni kuchangamsha watu: "makofi kwake", "tusikie vigelegele". Kikao cha mwandishi kinataka mtu aliyekisoma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza asome kama msomaji mwingine yeyote, mara ya pili awe na kalamu mkononi, akiweka alama kwenye kurasa sita au saba anazotaka kuziuliza. Huyo ndiye mwongozaji. Akiwa hakusoma, hadhira itamgundua ndani ya dakika tano. Mwandishi atakuwa ameshamgundua kabla yao, kisha atajibu kila swali kwa yale majibu ya akiba anayoyatoa kila mahali.

Saa moja na nusu inatosha, na igawanyeni hivi. Dakika tano za kumtambulisha mgeni, bila kusoma wasifu mzima uliochapwa nyuma ya kitabu. Dakika nane mwandishi asome mwenyewe. Dakika arobaini za mazungumzo, dakika ishirini na tano za maswali ya hadhira, na zinazobaki za kutia saini vitabu. Kipande cha kusomwa kichaguliwe mapema na kipimwe kwa saa. Ukurasa wa riwaya ukisomwa kwa sauti bila haraka huchukua dakika mbili hadi tatu, kwa hiyo kurasa tatu zinatosha. Waandishi wengi hupenda kuanza na sura ya kwanza. Mwombeni achague mahali watu wawili wanapozungumza, kwa sababu sikio la mtu aliyekaa ukumbini hushika mazungumzo upesi kuliko maelezo ya mandhari.

Wiki moja kabla, mwongozaji ampigie simu mwandishi amuulize mambo matatu: anapenda kuitwa nani mbele ya watu (Bi, Mzee, Mwalimu, Profesa, au jina tu), jambo gani hataki kuulizwa, na yuko tayari kujibu kwa lugha gani. Orodha ya maswali asipewe. Akipewa ataandaa majibu, na mtaishia kusikiliza hotuba iliyokatwa vipande.

Sasa vyombo. Maiki tatu: mbili mezani, moja ya hadhira. Ya hadhira ishikwe na kijana anayepita katikati ya viti, na asiiachie. Yeye ndiye anayeisogeza mdomoni kwa muulizaji na yeye ndiye anayeirudisha. Maiki ikishakabidhiwa kwa mtu aliyekuja na risala, kuipata tena ni kazi. Spika zikae mbele ya meza zikiwatazama watu. Zikikaa nyuma ya wazungumzaji, sauti inarudi kwenye maiki na ukumbi mzima unapigiwa yowe. Viti viwili viwekwe kwa pembe, wazungumzaji waweze kutazamana bila kupinda shingo. Feni iliyo juu ya meza izimwe, la sivyo kila rekodi itakuwa na upepo. Maji ya kunywa yasiwe ya barafu, maana baridi hukaza koo la mtu anayesoma kwa sauti.

Na vitabu: kwa watu 80, chukueni nakala 25 kwa mchapishaji kwa makubaliano ya kurudisha zisizouzwa, mkiandikiana. Bandikeni lipa namba (namba ya kulipia kwa simu) mezani. Asiye na pesa taslimu akiambiwa "nenda ukatoe kwa wakala", harudi.

Mgeni wetu amezaliwa Pwani, ameishi Ulaya miaka mingi na anaandika kwa Kiingereza. Najua watu watamuuliza "wewe ni wa wapi hasa?" Tulizuie swali hilo? (Msomaji, Mombasa)

Mkilizuia litatoka kwa mlango wa nyuma, tena kwa ukali. Bora liulizwe vizuri.

Kumbukeni Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana katika miaka ya 1960, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent. Habari ilipotoka, mabishano yaliwaka: ni Mzanzibari, Mtanzania au Mwingereza? Ni wetu au si wetu? Watu walibishana siku nyingi, na wengi wao walikuwa hawajafungua hata kitabu chake kimoja. Hiyo ndiyo hatari ya swali hili. Linaweza kujibiwa na mtu yeyote bila kusoma chochote, na mwandishi anageuzwa pasipoti inayokaguliwa.

Dawa yake ni kuliingiza kupitia ukurasa. Mwongozaji atafute neno la Kiswahili ambalo mwandishi ameliacha lilivyo katikati ya Kiingereza chake. Tuseme ameandika "baraza" na hakulieleza. Amsomee sentensi hiyo, kisha: "Hapa umeliacha neno baraza bila tafsiri. Msomaji wa London ataona nini, na msomaji wa Mji wa Kale ataona nini? Ulikuwa unamwandikia nani hapa?" Hajaulizwa kabila wala uraia, lakini katika kujibu ataeleza alikokaa, lugha aliyofikiria nayo, na nani anamwona kuwa mtu wa kwao. Mara nyingi hapo ndipo ukumbi unapotulia.

Jihadharini na wingi. "Ninyi waandishi mlioko nje mnatuonaje sisi Waswahili?" Swali hilo lina "ninyi" na "sisi" ndani yake, na tayari limeshamtoa nje. Halafu hao Waswahili wenyewe ni nani? Mjadala wa "Mswahili ni nani" ni mzee kuliko sote, na hautamalizwa siku ya Jumamosi kabla ya Magharibi.

Kama kazi ya mgeni imetafsiriwa, mwalikeni na mfasiri akae kiti cha tatu. Riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994 ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Mfasiri ana jambo ambalo mwandishi hana. Yeye anajua ni neno gani lilikataa kuvuka, na ni mhusika gani aliyebadilika tabia alipoanza kusema Kiswahili. Muulizeni mhusika fulani anaamkiaje wakubwa zake katika tafsiri, na kwa nini. Kiingereza hakina shikamoo, kwa hiyo mfasiri alilazimika kuamua nani ni mkubwa kwa nani. Kwenye uamuzi huo mmoja kuna jamii nzima.

Kila tukimwita mwandishi anayeandika juu ya misitu na mito, kikao hugeuka semina ya mazingira. Tunaharibu wapi? (Msomaji, Nyeri)

Mnaharibu kwenye neno lenyewe "mazingira". Ni neno la ripoti za miradi. Mtu akiulizwa "una maoni gani kuhusu uharibifu wa mazingira?" hujibu kwa lugha ya semina, hata awe mshairi. Ulizeni mti mmoja.

Mfano uko hapo hapo kwenu. Wangari Maathai, aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 2004, alisimulia katika kitabu cha maisha yake juu ya mti wa mugumo uliokuwa karibu na kwao Ihithe. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake: ule ni mti wa Mungu, hauchomwi wala haukatwi. Jirani na mti palikuwa na kijito, na mtoto Wangari akicheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga, akijaribu kuyavaa shingoni yakamwagika. Alipokwenda kusoma ng'ambo na kurudi, mugumo ulikuwa umekatwa kupisha chai, na kijito kimekauka. Baadaye akiwa mwanasayansi ndipo alipoelewa: mizizi ya mugumo huenda chini sana, ikapasua mwamba na kuyafungulia njia maji yaliyo chini ya ardhi. Mwiko wa kidini ulikuwa unalinda chanzo cha maji.

Tazameni kilivyobanwa kisa hicho. Asili ya mtu, imani ya wazee, sayansi na uchumi wa chai vimekaa kwenye mti mmoja, na hakuna aliyehutubia. Kwa mwandishi wenu fanyeni hivyo hivyo. Tafuteni kitabuni mti, kisima, ndege au samaki anayetajwa zaidi ya mara moja. Ulizeni: nani alikuwa akiruhusiwa kuukata? Ulikuwa na jina? Leo pale pana nini? Maswali matatu mafupi, na mwongozaji anyamaze. Kimya cha sekunde tano au sita kinaonekana kirefu ukiwa mbele ya watu, lakini ndicho kinachomfanya mtu akumbuke kitu ambacho hajawahi kukisema.

Wapo waliotuuliza kama kikao kinaweza kufanyiwa msituni kwenyewe, hasa kwenye makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, ambayo baadhi yake UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Msianze na matangazo. Anzeni na wazee wa kaya, ana kwa ana, na wao ndio watakaosema mpaka wapi mnaweza kufika na kwa siku gani. Kaya Kinondo, kule Diani, hupokea wageni, na mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia. Hakitolewi kitu ndani, hata jani kavu. Ushauri wetu: pitieni msituni kwa kikundi kidogo na mwenyeji, kimya kimya, kisha mazungumzo yenyewe yafanyike nje, chini ya mwembe au mnazi, mahali ambapo spika haimkeri mtu wala haivunji mwiko.

Kitabu kinagusa dini. Nahofia mtu atachukua maiki aanze kuhubiri, au mwandishi azomewe. (Msomaji, Zanzibar)

Anza na saa. Kwenu na Dar es Salaam, Magharibi huangukia kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima. Ama mwanze saa kumi baada ya Alasiri na mmalize saa kumi na moja na nusu, ama mwanze saa mbili na nusu usiku baada ya Isha. Kikao kinachokatizwa na adhana mara mbili humfanya mgeni aonekane ndiye aliyekosa adabu. Mwezi wa Ramadhani, acheni mpaka baada ya tarawehe au ahirisheni.

Mwongozaji atangaze kanuni mapema, kabla hajainuka mtu: swali moja, nusu dakika, lihusu kitabu. Akitokea wa kuhubiri, asimkate katikati ya aya wala hadithi ya Mtume. Asubiri avute pumzi, amwambie kwa utulivu, "Ahsante sheikh wangu, tumekusikia. Katika kitabu, mahali gani pamekupeleka huko?" Aliyesoma atataja mahali na mtakuwa mmepata swali zuri kuliko yote. Asiyesoma atakaa mwenyewe.

Swali la "wewe unaamini nini?" lisiulizwe na mwongozaji. Imani ya mhusika ni halali kuhojiwa. Ya mwandishi ni yake, aitoe akipenda.

Mwandishi wetu huzungumza Kifaransa, hadhira ni ya Kiswahili. Tutumie mkalimani? (Msomaji, Lubumbashi)

Ndiyo, lakini jueni muda unakuwa mara mbili. Dakika arobaini za mazungumzo zitabeba maswali manne au matano tu, basi punguzeni. Mkalimani apewe kitabu na kipande kitakachosomwa angalau siku tatu kabla, akae upande wa sikio ambalo mwandishi husikia nalo vizuri zaidi, awe na daftari. Mwandishi asimame kila baada ya sentensi tatu au nne. Akizidisha, mkalimani ataanza kufupisha, na kinachopotea kwanza huwa ni utani. Kipande cha kitabu kisifasiriwe papo hapo. Tafsiri iandikwe, isomwe na mtu mwingine mwenye sauti nzuri. Na tumieni Kiswahili cha mji wenu. Mkalimani akijilazimisha Kiswahili sanifu asichokizoea, watu watasikiliza Kifaransa na kumwacha aongee peke yake.

Nikiuliza swali kwenye vikao hivi watu huguna. Nakosea nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Huenda unaanza na "Kwanza nichukue fursa hii". Ifute. Andika swali lako kwenye karatasi wakati wengine wanauliza. Likizidi mistari miwili, kata wa kwanza, kwa kawaida ndio wa kujitambulisha. Taja ukurasa au mhusika, uliza, kaa chini. "Nina maswali matatu" maana yake hakuna lililo zuri, chagua moja. Na ukijibiwa usiombe maiki tena kusema "nakubaliana nawe kabisa". Mngoje mwandishi kwenye meza ya vitabu, ununue nakala, umwambie pale.